Muhuri wa Babu Yake: Wasifu wa Marehemu Florent Lhoest

Marehemu Florent Lhoest alizaliwa tarehe 4 Machi 1944 mjini Herstal, Ubelgiji, mtoto wa Henri na Jeanne Lhoest. Babu yake, Hubert, alikuwa mkaguzi wa bastola mjini Liège, na kila aliyoipitisha aliigonga muhuri wake, herufi G aliyopewa kazini, chini ya nyota. Mizinga ya Wajerumani ilimuua Agosti 1914. Hana kaburi wala picha.

Florent alihitimu shule ya ufundi mwaka 1962, akawa mchonga nakshi katika kiwanda cha silaha hadi alipostaafu mwaka 2004. Jumapili zake ziliishia sokoni kwa wauza vitu vya kale, akitafuta bastola yenye muhuri ule. Aliipata mwaka 1967. Namba za mtutu na za mwili zilifanana, kifyatulio kilikuwa bado na rangi ya manjano kilichoipata kwa kuchomwa motoni kiwandani, na kingo za herufi zilikuwa kali, hazijaguswa na msasa: ilikuwa vilevile ilivyotoka mikononi mwa babu. Alilia palepale mbele ya muuzaji.

Alimpeleka mchumba wake, Berthe Counasse, akaione, naye Florent akamshika mkono akiwa amevaa glavu za pamba.

"Yaani mkono wangu unaushika kwa glavu?" Berthe aliuliza.

"Jasho linaleta kutu, mpenzi."

"Basi kaioe hiyo bastola."

Alizivua. Walifunga ndoa tarehe 15 Juni 1968.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021. Machi mwaka huu alilazwa, na hapo ndipo mwanawe Armand alipoitoa bastola kabatini, akaipeleka isuguliwe na kupakwa rangi upya, ing'ae, apate mnunuzi. Herstal nzima inajua kwamba hilo halifanywi, kwani msasa hufuta mihuri na thamani pia. Armand alijua pia, kakulia nyumba ileile. Marehemu aliporudishwa nyumbani aliikuta mezani inameta kama kijiko kipya. Alipitisha kidole gumba mahali pa muhuri. Palikuwa laini.

"Umemzika babu yangu mara ya pili," alisema.

Armand akamjibu eti ni chuma tu, asijiumize. Chuma tu! Inatia hasira hata kuyaandika maneno hayo. Marehemu hakusema naye tena, akafariki tarehe 9 Mei 2024.

Armand alimwomba dada yake Colette, aliyeandika na anayesoma wasifu huu, aiondoe aya hiyo kwa heshima ya msiba. Colette amekataa, na imechapishwa kama ilivyo.

Marehemu ameacha mjane, Berthe. Watoto wawili, Colette na Armand. Na mjukuu, Élise. Bastola iko kwa Armand, bado haijapata mnunuzi.

Florent apumzike kwa amani. Armand asiipate kwanza.