Mstari Uliopinda

Mtandio wa bibi aliyekaa mbele yetu kwenye basi ulipoteleza, jirani yangu, msusi, hakuomba ruhusa. Mkono wake ulijiendea wenyewe kwenye zile nywele nyeupe, nzito kama za msichana. "Shikamoo bibi, samahani. Unapaka nini?"

"Marahaba. Mafuta ya nazi, zikiwa bado na majimaji."

"Sisi saluni tunapaka zikishakauka."

"Ndiyo maana wateja wenu hawaishi kurudi."

Nilijifanya nasoma tiketi. Msusi, kachomwa kidogo, akatafuta kasoro. "Lakini aliyekusuka kakosea. Mstari huu umepinda."

"Hapo pana kovu. Niliunguzwa na dawa ya kulainisha nywele nikiwa kigori, na mpaka leo hapapendi kuguswa. Mume wangu hupazunguka."

"Babu ndiye anayekusuka? Kumbe ana macho!"

"Hana, mjukuu wangu. Mwaka wa tisa huu haoni. Anasuka kwa vidole."

Basi likasimama, bibi akashuka akijifunga mtandio. Msusi alikuwa amefumba macho, anajipapasa kichwani taratibu, anatafuta mstari. Kituo chake kilishapita. Changu pia.