Bangili Inayotafuta Harufu

Kijiwe chetu kiko pale njia ya Ziwani inapokaribia soko la Kariokor, chini ya ukuta ulioandikwa USIKOJOE HAPA, na ukuta wenyewe unanuka vile kuta za maandishi hayo hunuka. Benchi ni ubao wa lori juu ya mikebe miwili ya rangi. Mumin huweka jiko lake la kahawa upande wa kulia, birika juu, vikombe vidogo ndani ya ndoo ya maji, na tangawizi yake utaisikia kabla hujamwona. Ijumaa hiyo jioni tulikuwa tumechoka, kama Ijumaa zote. Alikuwapo Phares, fundi wa ngozi, ambaye tunamwita Akala kwa sababu ya ndara za tairi anazoshona. Alikuwapo Johnson wa Gikomba, anayeitwa Kamera, kwani ndivyo wauza mitumba wanavyoita nguo bora za kwanza kutoka kwenye beli, naye hujiona hivyo. Mimi ni Karani. Nilibeba mafaili ya reli miaka thelathini na mmoja na sasa nabeba mgongo wangu tu. Aliyekuwa bado hajafika ni Sabuni, na bangili iliyomngoja ilikuwa yake.

Alifika akiburura miguu kutoka kazini, kiwanda cha sabuni mtaani Baba Dogo. Jina lake ni Mukhwana. Kiwandani kazi yake ni kumimina manukato kwenye sabuni inapokorogwa, na amefanya hivyo miaka kumi na moja. Pua yake ilikufa mwaka wa tatu. Hasikii harufu ya kitu chochote, lakini yeye mwenyewe tunamsikia akiwa bado ng'ambo ya barabara.

— Niaje wazee, akasema, akakaa. Iko?

— Iko, Akala akamjibu. Lakini hii kazi yako imenizeesha. Mimi ni mtu wa ngozi bana, si sonara.

Akaifunua kwenye kitambaa. Ilikuwa bangili nyembamba ya shaba, aliyoifua kutokana na bomba kuukuu, na katikati ina kijisanduku cha ukubwa wa kifungo cha koti. Kifuniko kina matundu saba, na ndani yake mna pamba. Unafungua kwa ukucha. Ya kwanza aliitengeneza kwa ngozi, ikanuka ngozi yenyewe kuliko kitu kingine chochote. Tulimwambia mama wa watu atadhani ametumiwa mbuzi.

— Mkono wa mama ni mdogo, Sabuni akasema, akiipima kwa vidole viwili. Siku hizi ni mfupa tu.

Niseme habari yenyewe, maana haichekeshi, ingawa sisi hucheka kila kitu. Mama yake Sabuni yuko kijijini, Malava. Macho yalizimika miaka minne iliyopita, na masikio nayo yakaziba, hata simu haina maana tena. Kilichobaki ni pua. Watoto wake wote, wazee kwa vijana, wakifika hupiga magoti naye huwanusa utosini, kama alivyowanusa wakiwa wachanga, kisha anataja jina. Hakosei. Desemba iliyopita Sabuni alipiga magoti. Mama akanusa, akanusa tena. Kisha akamwambia dada yake Sabuni, Nekesa, "Mpe mgeni kiti."

— Niliweka kidole chake kwa hii kovu, Sabuni alitusimulia siku ile aliporudi. Hii ya panga, yeye ndiye aliifunga. Akaipapasa vizuri. Akasema, pole sana baba, uliumia wapi?

Alikaa siku nne nyumbani kwa mama yake, akiwekewa chai kwenye kikombe cha wageni.

Wiki hii Nekesa amepiga simu. Mama hali chakula vizuri, na kila asubuhi anauliza Mukhwana atakuja lini. Basi la Sabuni ni kesho saa kumi na mbili asubuhi. Anataka mama avae mkononi harufu ya mwanawe, ile anayoijua, ili Sabuni awepo au asiwepo, mama ainuse na awe naye. Bangili iko. Harufu ndiyo hakuna.

— Kwa hivyo leo mnisaidie, akasema. Mimi siwezi jinusa. Hata ningeoza singejua. Nyinyi mninuse, mniambie chini ya hii sabuni kuna nini.

— Leta kichwa, Kamera akasema, akikunja mikono ya shati. Mimi hii pua nimeilea Gikomba. Nafungua beli, nanusa koti, nakwambia hii ilikuwa ya mwalimu, na alikuwa hapendi watoto.

— Uongo huo, Akala akasema. Koti zote za beli zinanuka dawa moja.

— Chini ya dawa, mzee! Si hapo ndio pua inaitwa pua?

Akanusa utosi wa Sabuni kwa muda mrefu, macho ameyafunga. Watu wawili waliokuwa wakipita wakageuka kutazama wazee wakinusana.

— Naskia maua, Kamera akasema. Ya zambarau.

— Hiyo ni ya Alhamisi, Sabuni akasema. Chini yake?

— Ndimu.

— Hiyo ni ya Jumanne. Chini?

— Chini... maze, chini ni kama choo ya hoteli kubwa.

Akala naye akanusa, akakohoa. Mimi nikanusa, kwa heshima, nikasikia duka zima. Mumin tulimwita, akainama, akanyanyuka, akarudi kwenye birika lake.

— Tatizo ni maji, Akala akasema. Huku unaoga maji ya mfereji. Mtu wa Malava ni moshi wa kuni na maziwa. Tuwashe kuni hapa, tumfukize, tufukize na pamba.

— Moshi ni wa kila mtu Malava, nikasema. Atajuaje ni huyu na si jirani?

— Basi fulana, Kamera akadakia. Asivue fulana siku sita. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

— Hiyo ni ya adui, Kamera.

— Karani, methali ni kama koti la mtumba. Linamtosha yeyote.

— Na basi ni kesho, Sabuni akasema. Hizo siku sita utazitoa wapi? Halafu nilijaribu. Nimeoga na maji na majivu wiki mbili. Wife alihamia kwa watoto. Na bado niko hivi.

— Hiyo imeingia kwa damu, Akala akasema, sasa amepata moto. Hapa ni jasho. Tumpe mkokoteni wa kabeji, apande nao kutoka Gikomba mpaka juu, mara tano. Miaka kumi na moja itoke. Ya mwisho kutoka, hiyo ndio Mukhwana. Tunaikinga na pamba.

— Au anyolewe, Kamera akasema. Nywele zichemshwe. Mafuta yakielea juu, hiyo ni kampuni. Kinachobaki chini ni mtoto wa mama.

— Au ziko nguo zake za utotoni, nikasema.

— Walirithi wadogo zangu, Sabuni akasema. Zikaisha.

— Basi sikia, Kamera akasema, na sijui ni uchovu au ni ile hamu yake ya kushinda. Labda mathe hajakosea. Labda Mukhwana alibaki Malava, na aliyekuja Nairobi ni wewe. Labda wewe ndio mgeni.

Hakuna aliyecheka. Kamera mwenyewe aliangalia viatu vyake. Sabuni alikuwa akifungua kijisanduku kwa ukucha na kukifunga, akifungua na kukifunga.

— Nilikuwa natania, Kamera akasema.

— Najua.

Mumin akatuzungushia kahawa nyingine, na ikasaidia kidogo. Akala, ili kuondoa lile neno hewani, akaanza ndoto zake za biashara. Ati bangili hizi zitatoka mamia. Kila anayeenda ng'ambo atapewa moja, ya chapati za mama yake, ya kichwa cha mtoto wake, ya mvua ikipiga vumbi la Kariokor. Atatundika kibao: AKALA NA WENZAKE, HARUFU ZA NYUMBANI.

— Karani, Shirleen wako si yuko Canada? Utamtumia ya nini?

Nikafikiri. Binti yangu ana miaka saba huko. Huwa tunaongea Jumapili, ananionyesha theluji, namwonyesha dari.

— Sijui, nikasema. Ya ukuta huu?

Wakacheka, nikacheka nao. Lakini niliona uchungu, kwa sababu nilitafuta kweli na sikupata.

Hapo ndipo alipokuja mama mmoja, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, mkanda umekatika. Jina lake Norah, tulilijua baadaye. Alikuwa hajawahi kufika pale kwetu. Akasalimia, akampa Akala kiatu, akakaa mwisho wa ubao na mguu mtupu juu ya ule uliovaa. Akaiona bangili mapajani mwa Sabuni.

— Hiyo ni maridadi. Ni ya nani?

Akala akamweleza yote huku anatoboa mkanda kwa msharasi: mama wa Malava, macho, masikio, utosi, kiti cha mgeni, basi la kesho. Norah alisikiliza vizuri, kama mtu anayesikiliza habari za jamaa yake. Akamgeukia Sabuni.

— Pole sana, ndugu yangu. Na yeye mama ananukia aje?

Akala aliacha kutoboa. Mimi nilijikuta naenda mbio kichwani, narudi nyumbani kwetu, naingia jikoni kwa mama yangu, nasimama hapo, nanusa. Niliona sufuria, niliona kanga. Basi.

Sabuni alikuwa akimtazama Norah.

— Ananukia... akasema.

Lori lilipita likapiga honi, likaenda.

— Nilikuwa najua, akasema. Nikiwa mdogo ningemjua kwa giza. Desemba nilimkumbatia nikashikilia, bana. Sikusikia kitu. Ni kama kukumbatia hewa iliyovaa sweta.

— Si makosa yako, Akala akasema polepole. Ni pua.

— Mwaka mzima nimekasirika, Sabuni akasema. Nilifikiri ni yeye tu alinipoteza.

Norah akaweka mkono mdomoni.

— Pole, akasema. Mimi niliuliza tu.

— Hapana, mama. Umeuliza vizuri.

Akala alikichukua kile kijisanduku, akakifunga na pamba yake nyeupe ndani, tupu vilevile, akaiviringisha bangili kwenye kitambaa na kuitia katika mfuko wa shati la Sabuni. Akaupigapiga mfuko mara mbili. Kisha akarudi kwenye kiatu cha Norah na hakumtoza.

Mumin akatikisa birika. Kilikuwa kimebaki kikombe kimoja, na hakuuliza ni cha nani. Alimpa Sabuni, nayo tangawizi ikajaa kijiwe kizima. Sabuni akakipokea kwa mikono miwili, akakiinua hadi puani kama watu wote wafanyavyo, akakiacha hapo kwa muda mrefu. Sote tulikuwa tukimtazama. Kisha akanywa.