Saerah Hakutakiwa Kufa

Ndugu, jamaa na majirani mliojaa hapa Sayong, assalamu alaykum. Mimi ni Rosnani, mtoto wa pili wa marehemu.

Mama yetu, Rubiah binti Pandak Sohor, alizaliwa kijijini hapa tarehe 9 Agosti 1943, akasoma shule ya wasichana ng'ambo ya mto, mwaka 1964 akaajiriwa ualimu, na jioni akiandika hadithi fupi, kwani, kama alivyosema, wanawake wa Kimalei katika hadithi za siku zile walikuwa wa aina mbili tu, wanaolia jikoni na wanaokufa.

Mwaka 1967 alimwandika Saerah, mwanamke aliyemwacha mume mkorofi, akarudi kwao kufinyanga mitungi, lakini mhariri wa jarida akamwambia, "Mwalimu, huyu akibaki hai wasomaji watanuna, mtose mtoni," naye, akiwa mgeni katika kazi hiyo, akamtosa. Hadithi ikasifiwa kila mahali, na tangu ichapwe ngazi ya jikoni kwetu haikukauka nyayo za maji.

Tarehe 3 Mei 1969 aliolewa na marehemu baba, Meor Yahaya, wakajaliwa kaka Azhan na mimi. Baba alizoea kumtania, "Mke wangu, shoga yako wa mtoni amepita tena, mpe kanga ajifute," nasi tukacheka, mimi bila raha, maana nyayo zile mbichi zilipanda hadi mlangoni, zikaishia hapo.

Februari mwaka huu wa 2018 figo zilimwangusha, na alichokililia ni kimoja tu, amtoe Saerah mtoni kabla hajafa mwenyewe. Vidole vilikuwa vimevimba, hivyo yeye alisema nami nikaandika, Saerah akainuka, maji yakashuka hadi kifuani, hapo Mama akanyamaza, na jana Jumanne, tarehe 16 Oktoba, akafariki.

Leo asubuhi tuliita waoshaji watatu wamwoshe Mama. Walipomaliza, mmoja wao, Bibi Lijah, alinivuta pembeni, "Mwanangu, yule wa nne ni wa kwenu? Kamimina maji pamoja nasi, na kalowa kuanzia kifuani kushuka." Hatuna ndugu huyo, na ninaogopa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, walimu wenzake, na waoshaji, wote wanne.

Mhariri atusamehe, sentensi aliyoiacha Mama naimalizia mbele yenu: Saerah alishika mizizi, akapanda ukingoni, akaenda kwao, akaishi.

Mama, pumzika kwa amani.