Mwandishi wa Vyeti na Fundi Aliyeitwa Mboga

Tarehe 31 Machi 1966 Sudhangshu Kumar Pakrashi anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kuandika kwa mkono vyeti vyote vya tuzo za filamu zinazotolewa na waandishi wa magazeti hapa Calcutta. Wenzake ofisini walikuwa wakisukumiana nani aandike wasifu huu. Nikawaambia leteni hapa. Mimi mama yake niliishia darasa la nne, lakini mwandiko ule nilimfundisha mimi, kwa mkaa, kwenye sakafu ya jikoni.

Mastaa wana majumba na magari, sawa. Ukutani wametundika nini? Kazi ya mwanangu.

Mwaka wa tatu nusura afukuzwe. Waandishi walituma kura kwa barua, yeye akazifungua. Fundi sauti bora alitoka Tollygunge, mtaa wa studio za filamu, ambako kuanzia mwongozaji hadi muuza chai wote walimwita Potol. Kura zote zikaja na Potol. Mwanangu, kwa haraka yake, akaandika Potol kwa wino wa dhahabu. Sasa potol ni mboga, ile tunayopika na viazi! Lilikuwa jina lake la nyumbani, la kuitwa na mama na shangazi. Mbele za watu mtu ana jina rasmi, na lake lilikuwa Jyotirindranath Lahiri.

Katibu wa tuzo alilisoma jukwaani kabla hajafikiri. Ukumbi mzima kicheko. "Mpeni na viazi basi!" mmoja akapaza sauti.

Katibu akamgeukia mwanangu. "Bwana Pakrashi, kesho usije. Umetuaibisha."

Nyumbani tulikuwa watu sita tunaomtegemea. Nilikuwa mstari wa nyuma.

Kando yangu akasimama bibi kizee mwenye sari nyeupe. "Potol ni wangu! Mnacheka nini, wanangu? Jina hilo nilimpa mimi. Lile lingine ni la shule, mngelisoma nisingejua mnamwita nani."

Fundi akashuka, akamkabidhi mama yake cheti. Katibu alipokitaka kikaandikwe upya, fundi akakataa. "Hiki hakitoki mikononi mwa mama. Na mkimfukuza aliyekiandika, tuzo zenu zijazo msinipe mimi."

Mwanangu akabaki. Tangu siku hiyo alimfuata kila mshindi kwake kumwuliza jina rasmi, hata staa ambaye picha zake zilijaa kila ukuta wa mji. Yule staa alicheka mpaka akamwaga chai.

Leo nanyi mmemwandikia yeye cheti. Nimekiona. Mwandiko haufiki wake, ila mmejitahidi, na jina lake rasmi mmelipatia. Chini yake nimeongeza lile la nyumbani kwa penseli, msilifute.

Asanteni kwa kunitunzia mwanangu. Nawe Hablu, ule ushibe, mkono upumzike, uishi miaka mingi ya raha. Njoo nyumbani.

Mama yako,
Khiroda Pakrashi