Mama Kaboni, Aliyeanza Kuhesabu Upande wa Tawi

Marehemu, ambaye shule nzima ilimwita Mama Kaboni, alizaliwa tarehe 3 Juni 1954 katika chumba cha nyuma cha duka la baba yake, mshonaji. Alikuwa kitinda mimba, na kaka yake mkubwa husema mdomo ulitangulia, mwili ukafuata.

Alianza shule mwaka 1961 na kuhitimu ualimu wa kemia Novemba 1977. Katika jaribio lake la kwanza la kutaja majina ya misombo ya kaboni alipata sifuri. Alikuwa amehesabu mnyororo kutoka kushoto, kama anayesoma gazeti, ilhali kanuni inataka uanzie ncha iliyo karibu na tawi. Alilia siku hiyo. Karatasi ile aliitunza, na kila mwaka aliwaonyesha wanafunzi wake.

Alifundisha miaka thelathini na sita katika shule moja, kwenye maabara ileile yenye bomba linalovuja. Aliwapanga wanafunzi kwenye korido, wameshikana mikono, kila mmoja kaboni. "Haya, tafuteni mnyororo mrefu kuliko yote!" Wakawahesabu waliosimama kwenye mstari ulionyooka. "Loh! Na hawa waliokata kona mlangoni, hawana kwao? Mnyororo hata ukikata kona ni uleule." Kisha alimwendea aliyeshikwa pembeni, peke yake. "Huyu ndiye tawi. Yuko karibu na ncha ipi? Basi, namba moja ianzie ncha hiyo, asisukumwe mbali."

Tarehe 9 Aprili 1983 alifunga ndoa na fundi saa, aliyekuwa amefiwa na mkewe na kubaki na binti wa miaka sita. Wiki tatu mtoto hakumsemesha. Mama Kaboni hakumlazimisha, alimwekea kigoda karibu naye akaendelea kusahihisha madaftari, hadi jioni moja mtoto akauliza, "Mbona hizi C nyingi hivi?" Ukimya ukaishia hapo. Baadaye walizaliwa wavulana wawili. Akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu watatu. "Wa kuwazaa mwenyewe?" "Nimesema watatu. Au nikuhesabie kwa vidole?"

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2021. Binti yule, sasa mfamasia, alimpeleka hospitali kila Jumatatu na Alhamisi. Wiki ya mwisho marehemu alitaka kuusahihisha wasifu huu mwenyewe. Mwalimu ni mwalimu. Kaka yake akamletea wodini alichoandika. Kwenye orodha ya watoto, wavulana walikuwa wa kwanza na wa pili. Binti aliwekwa chini kabisa, baada ya wajukuu: "mtoto wa kambo." Binti mwenyewe alikuwa amesimama palepale na chupa ya maji mkononi, akayasoma maneno hayo. Yalimchoma.

"Damu nzito kuliko maji, mdogo wangu," kaka akajitetea.

Mama Kaboni akaomba kalamu nyekundu. "Kaka, umehesabu kutoka kushoto. Sifuri." Akafuta "wa kambo," akachora mshale hadi juu ya orodha. "Na siku ya mazishi atasoma yeye."

Alifariki Jumanne, 14 Machi 2023, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu: wa kwanza, binti yake mfamasia, anayesoma maneno haya, naye mtamwia radhi kwa sauti yake; wa pili, mwanawe fundi umeme; wa tatu, mwanawe dereva wa lori; wajukuu sita, na kaka mmoja, aliyepewa sifuri akaikubali.

Mama, tumeanza ulipotuambia tuanze. Pumzika kwa amani.