Dirisha la Mke wa Zamani

Haya nilisimuliwa jana na mjukuu wangu, mkaguzi wa tiketi kwenye treni.

Mshona nguo mmoja alikuwa amefungua dirisha apate upepo. Abiria wa pembeni, asiyemjua, akamgeukia.

“Samahani dada. Kuna mashine ya kuonyesha maisha tuliyoishi kabla ya kuzaliwa; imenionyesha sura yako. Ulikuwa mke wangu.”

“Makubwa! Tuligombania nini?”

“Dirisha. Wewe ulipenda upepo, mimi baridi ikiniuma.”

“Mwongo! Si umeliona hili liko wazi?” Lakini alimsogelea. “Na nani alitangulia kufa?”

“Mimi. Kifua.”

“Kwa ajili ya dirisha langu?”

Mwanamume alishapitiwa na usingizi, amejikunyata.

“Simwamini hata kidogo,” mshona nguo alimnong’oneza mjukuu wangu, aliyekuwa amefika kukagua tiketi, huku akilifunga dirisha polepole.

Treni iliposimama, mshona nguo naye alikuwa amelala, dirisha bado limefungwa.