Nilivyoomba kwa Sauti Jikoni kwa Baba Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Aa, hapo nyuma mmeitikia kama watu wenye malaria. Bwana asifiwe sana! Haya, sasa naona tumeamka. Mugonile, wazee wangu. Na wageni wetu mliotoka Dodoma na Singida kwa ajili ya semina hii, karibuni Kyela. Joto mtalizoea, na wali wetu mmeshauonja.

Wenyeji wengi mnanifahamu, mama Tusekile. Wengine mnaniita Dokta, na hapo ndipo shida huanza, maana udokta wangu si wa sindano. Nilimwendea bibi mmoja wa Ipinda kwa ajili ya mahojiano, akafurahi, akapandisha kitenge akanionyesha goti. Nikamwambia, "Bibi, mimi ni dokta wa saikolojia. Nachunguza familia zilizoachana, wazazi na watoto, wanaishije baada ya pale." Akashusha kitenge. "Basi chunguza," akasema, "ila goti bado linauma." Tukaliombea goti kwanza, halafu ndipo tukaanza mahojiano.

Watu huniuliza, kwa nini ulisomea mambo hayo? Ndugu zangu, mimi nimezaliwa Ikolo. Nikiwa bado mdogo wazazi wangu waliachana. Mama akarudi kwao, ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Mimi nikabaki kwa baba, na mdogo wangu wa kike akabebwa mgongoni akaondoka na mama. Hakuna aliyetupiga, hakuna aliyetunyima chakula. Walitugawa tu. Nikawa naamka asubuhi nampapasa kitandani, simkuti. Tulipokuja kuonana tena tulikuwa wasichana wakubwa, tukapeana mikono kama watu waliokutana msibani. Na maumivu ya namna ile hakuna anayekupa pole, kwa sababu hakuna anayeona kidonda.

Basi nikasoma, nikasoma, Mungu akanifikisha. Nimefundisha chuo, kisha nikarudi nyumbani kufanya utafiti wangu huku huku kwetu. Nimekaa Lyulilo, kule ziwani, na akina mama wanaoshusha vyungu kwenye mitumbwi, wao wanapanga vyungu, mimi nauliza. Baba yao yuko wapi? Watoto wanaishi na nani? Wanakula? Wanacheka? Na kila nyumba nina swali moja ninaloliacha mwisho: mtoto huyu akiota ndoto mbaya, anamwendea nani? Ni swali dogo tu, lakini nimeona wanaume wenye vifua vyao wakilitafakari mpaka wakalia. Niliyoyasikia nimeyaeleza kwenye kumbi kubwa, watu wakasimama wakapiga makofi. Nilikuwa naipenda kazi yangu, na ninaipenda mpaka leo.

Kisha ikaja zamu yangu.

Baba Tusekile alihamia Tunduma kwa biashara. Mwanzoni alikuwa anarudi kila mwisho wa mwezi, baadaye ikawa sikukuu tu, baadaye simu, baadaye simu zikawa zinapokelewa na mama mwingine. Mnaelewa wenyewe. Sitaki kumsema vibaya, ni baba wa watoto wangu. Tena atayasikia haya yote, maana wifi yangu Atupele pale ananirekodi, na najua atamtumia kaka yake kabla hatujafunga ibada. Rekodi, wifi, rekodi vizuri!

Siku moja akapiga mwenyewe. Akasema shule zikifungwa atakuja kumchukua Lusajo, yule wangu wa mwisho, wa kiume, akaishi naye Tunduma. Dada yake Tusekile abaki na mimi. "Mmoja kwako, mmoja kwangu," akasema, "hapo hatugombani." Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayegawa ndizi.

Jamani! Nilikaa chini sakafuni, simu bado iko sikioni. Mimi! Jambo lile lile! Kuanzia siku hiyo chakula kilinishinda. Nikienda kuongea na mtu kuhusu watoto wake nasikia sauti yangu inatetemeka, nazima kinasa sauti, nasingizia betri imeisha. Nikiwaona wanangu wanakula sahani moja, wananyang'anyana samaki, nageukia ukutani nalia. Nilimwambia Mungu, yaani umenisomesha jambo hili maisha yangu yote ili uje unifanyie tena? Ndiyo, nilimwambia hivyo hivyo. Namshukuru hakunipiga radi.

Kikao cha ukoo kikaitishwa Ikolo, nyumbani kwa baba mkwe. Yeye akishasema, hakuna wa kusema tena. Sasa wageni wetu, hapa mnisikilize kwa makini. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Si kwamba mnachukiana, ni heshima. Humtazami usoni, humsemeshi, na jina lake hulitaji. Hata leo hamtalisikia mdomoni mwangu. Nikimwona njiani kwa mbali naingia kwenye migomba. Niliwahi kujificha nyuma ya magunia ya mpunga sokoni Ipinda, Dokta mzima nimechuchumaa na kinasa sauti mkononi, mpaka mzee alipopita. Naye akija kuwaona wajukuu alikuwa anakohoa tangu kule kwenye shamba la kokoa, ili nipate muda wa kutokea mlango wa nyuma. Vijana wengi siku hizi wameyaacha haya, lakini ukoo ule bado. Tangu niolewe tulikuwa hatujawahi kusemeshana hata neno moja.

Kwa hiyo siku ya kikao wanaume walikaa barazani, mimi nikakaa jikoni na wifi yangu. Kati yetu ukuta wa matofali tu, nasikia kila kitu. Baba wadogo wanasema mtoto wa kiume ni wa ukoo, ng'ombe walishatoka, kuna nini cha kujadili? Baba Tusekile naye akaeleza yake vizuri, mdomo mtamu anao, ndio ulionipata mimi. Baba mkwe kimya. Nami nimekaa pale, majibu yote ninayo, watu wananilipia nauli nikayaseme Arusha, halafu hatua chache kutoka hapo siwezi kufungua mdomo! Wifi akaninong'oneza, "Sema basi, mimi nikupelekee." Nikaanza kumwambia, nikashindwa. Machungu yale hayakuwa ya kutuma mtu ayapeleke.

Ndipo, ndugu zangu, likanijia wazo ambalo naamini si langu. Kuongea na baba mkwe siruhusiwi. Kuongea na Kyala, Mungu wangu, nani atanikataza?

Nikapiga magoti pale kwenye mafiga. Nikageukia ukuta, nikajifunika kitenge kichwani, nikaanza kuomba. Kwa sauti! Ile sauti yetu ya mkesha, mnaijua! Nikasema, "Ee Kyala Baba, wewe ulimwona mdogo wangu anabebwa kuvuka Songwe. Wewe ulikuwepo asubuhi zile nikimpapasa kitandani. Usikubali Lusajo aamke Tunduma anampapasa dada yake! Baba yao awapende, awaite, wamzoee, sikatai. Na kama mimi hanitaki tena, sawa, nimelia nimemaliza. Lakini hawa wawili, Bwana, usiwagawe! Nimeingia nyumba nyingi, nimewakuta watu wazima wenye mvi wanamlilia ndugu waliyegawanywa naye utotoni. Usiwagawe!" Na wifi yangu, dada wa mume wangu wa tumbo moja, kila nikitua anapasua, "Amina! Amina!" Ubarikiwe, wifi.

Barazani kuku tu ndio walioendelea na mambo yao. Nikafunga ombi, na kutoka upande wa pili wa ukuta ikaitika sauti ambayo maisha yangu yote haikuwahi kuelekezwa kwangu.

"Amina."

Kidogo nizimie! Kisha mzee akakohoa, kile kikohozi chake cha shambani, akasema, "Mwanangu, njoo huku nje." Sikusogea. Wifi akanisukuma mgongoni, "Unaitwa wewe!" Mzee akasema tena, "Njoo, nimekuruhusu mimi mwenyewe. Huwezi kumwambia Mungu habari zote za wajukuu wangu, halafu mimi babu yao nisiambiwe."

Nikatoka. Nikakaa mkekani, macho chini. Baba mdogo mmoja akaguna, mzee akanyoosha mkono kumzuia. Akaniambia, "Nasikia kazi yako ni kuwauliza watu maswali. Haya, tuulize na sisi."

Mungu wangu! Nikasema, "Ndaga, tata, asante baba. Naomba baba Tusekile ajibu. Lusajo akiota ndoto mbaya, anamwendea nani?"

Mume wangu akajikuna shingo. Angeweza kudanganya, nani angemjua? Akatazama pembeni. Mwisho akasema kwa sauti ya chini, "Anamwendea dada yake. Hata nilipokuwa nalala pale nyumbani, alikuwa ananipita mimi anakwenda kwa dada yake."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Umejibu mwenyewe," akamwambia mwanawe. "Basi hawagawanywi. Wanakaa kwa mama yao wote wawili. Wakija kwako wanakuja wote wawili, na kurudi wanarudi wote wawili. Mwenye neno?" Mimi nililia mbele ya baba mkwe bila aibu yoyote, naye akaagiza niletewe maji ya kunywa.

Sasa naona mnasubiri niseme mume wangu alirudi. Mama pale ameshashika leso. Mama, hajarudi. Nimeomba, nimefunga, hajarudi, na sitasimama hapa mbele za Bwana niwadanganye. Lakini nimefunguliwa! Nalala. Nakula, kama mnavyoniona, tena nakula sana. Nakaa na watu kwenye kazi yangu sauti ikiwa imetulia, na yule anayelia mbele yangu simwogopi tena machozi yake. Baba mkwe anakuja kwangu, anakaa sebuleni, anakunywa chai na kuisifia. Likizo iliyopita watoto walikwenda Tunduma pamoja na wakarudi pamoja, wanaingia mlangoni wanagombana nani alikaa dirishani. Ule ugomvi, ndugu zangu, niliusikia nikanyoosha mikono juu nikamsifu Bwana!

Ndaga fijo, Kyala wangu. Ulinitoa kwenye hofu iliyokaa kifuani tangu utoto wangu, nami nitakusema popote nitakapopewa nafasi.

Na wewe uliyekaa hapo umeinamisha kichwa, najua upo, maana nyumba zetu nazijua. Kikao chako ni wiki ijayo, na wameshapanga wao wenyewe nani achukue nini. Mtumaini Bwana! Usiseme mimi nafasi yangu ni jikoni, nani atanisikia. Piga magoti hapo hapo penye moshi, useme yote. Ila omba kwa sauti, mama. Mungu anasikia hata ukinong'ona, barazani hawasikii.